Mama kazikwa Rombo, mimi niko Reading: je, sala yangu inamfikia?

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

KILA unapoingia mwezi wa Novemba, katika parokia nyingi za Kikatoliki za hapa Uingereza utakuta bahasha zimepangwa mezani, karibu na mlango wa kanisa. Ni bahasha za marehemu. Muumini huchukua moja, huandika ndani majina ya watu wake waliofariki, hutia sadaka kama anayo, kisha huirudisha. Bahasha hizo huwekwa karibu na altare mwezi mzima, na Misa hutolewa kwa ajili ya wote waliotajwa humo.

Novemba iliyopita nilisimama kwenye meza hiyo na jamaa yangu mmoja, Mangi wa Rombo, ambaye jina lake naliacha kwa sababu atakazoziona mwenyewe akisoma. Huyu bwana amekaa huku miaka mingi akibeba boksi usiku na kusoma mchana. Mama yake alipofariki, makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado hayajakamilika. Angetoka asingeruhusiwa kurudi, na huku ana mke na watoto wawili. Basi alituma mchango wake wa msiba, mkubwa kuliko wa ndugu zake wote, na mazishi akayatazama kwenye simu, akiwa chumba cha mapumziko kazini. Jeneza lilipoanza kushushwa, mtandao ukakatika.

Tangu siku hiyo kanisani alikuwa haonekani. Siku ile alikuja kwa sababu mtoto wake alikuwa anaimba. Akaichukua bahasha, akaigeuzageuza, akairudisha mezani.

"Mama yuko Rombo," akaniambia. "Amelala kwenye kihamba, pembeni ya baba. Hii nikiiandika hapa Reading itamfikia vipi? Hata kumtupia udongo sikumtupia."

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini swali lake najua si lake peke yake. Ndugu msomaji, wangapi miongoni mwetu tuliozika wazazi kwa simu? Nimeona niliandikie, kwa kufuata yale Kanisa Katoliki linayofundisha, maana hata sisi Wakatoliki wenyewe mengi tunayasema kwa mazoea tu bila kuyajua.

SALA HAIPITI KABURINI

Kwanza kabisa, Mkatoliki akimwombea marehemu hatumi ujumbe kaburini. Wala haongei na mzimu. Sala inakwenda kwa Mungu, na kwa Mungu yule aliyekufa yu hai. Ndiyo maana ya yale maneno "ushirika wa watakatifu" tunayoyakiri kwenye Kanuni ya Imani, mara nyingi huku akili ikiwa imeshafika nyumbani kwenye chakula. Kanisa linaamini kwamba watu wake wako katika hali tatu: sisi tulio safarini duniani, wale waliokufa ambao bado wanatakaswa, na wale ambao wameshafika wanamwona Mungu. Hao wote ni familia moja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba muungano huo haukatwi na kifo.

Kwa hiyo umbali kati ya Reading na Rombo hauhesabiki. Anayeomba akiwa amepiga magoti juu ya kaburi lenyewe, na anayeomba kwenye basi la alfajiri akitoka zamu, njia yao ni moja.

Na wanaombewa nini? Hapo ndipo linapoingia neno toharani, neno ambalo limewatisha watoto wengi wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Wengi tulikua tukidhani ni jehanamu ndogo, ya kifungo cha muda. Sivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inaeleza kuwa walio toharani ni watu waliokufa katika neema ya Mungu, na wokovu wao ni wa hakika. Kilichobaki ni kutakaswa. Wala si nafasi ya pili kwa aliyekufa akiwa amemkataa Mungu.

Mimi huwa nakumbuka kule kwetu, mtoto akirudi kutoka shamba wakati wa masika. Amefika nyumbani, hakuna anayemfukuza, mama amefurahi kumwona. Lakini miguu ina tope, naye mwenyewe anaona aibu kupanda mkekani walipoketi wageni. Ananawa kwanza. Na ndugu akimletea maji, ananawa upesi zaidi. Mfano huu ni wangu, si wa mapadre, kwa hiyo msiwalaumu wao.

Mtaguso wa Firenze mwaka 1439 na ule wa Trento mwaka 1563 ilithibitisha mafundisho hayo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Trento hiyo hiyo iliwaagiza maaskofu wazuie mahubiri ya udadisi kuhusu toharani na kila kinachonuka biashara. Yaani hata wao waliona kwamba watu wanatishwa ili watoe fedha. Na Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake juu ya matumaini wa mwaka 2007, alikumbusha maoni ya baadhi ya wanateolojia kwamba moto unaozungumzwa ni Kristo mwenyewe: kukutana naye uso kwa uso ndiko kunakochoma na kuponya.

HIRIZI ZA ASKARI

Wenzetu Walutheri, na kule Kilimanjaro tuko nao ukoo mmoja, mara nyingi hutuuliza matangani: haya ya kuwaombea wafu yako wapi kwenye Biblia?

Mkatoliki atawaonyesha Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda Makabayo alipokwenda kuzika askari wake waliouawa vitani, alikuta chini ya nguo zao wamevaa vitu vya sanamu za Yamnia, ambavyo sheria iliwakataza Wayahudi. Kwa lugha yetu tungesema walikutwa na hirizi. Watu waliokufa wakipigania dini yao, na hirizi shingoni! Yuda hakuwatupa. Alichangisha fedha, drakma 2,000, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao, na mwandishi wa kitabu anasifu tendo hilo kwa sababu lilitokana na imani katika ufufuko.

Shida ni kwamba kitabu hicho kimo katika Biblia ya Kikatoliki yenye vitabu 73, na hakimo kwenye ile ya vitabu 66 wanayoitumia wenzetu. Ubishi huo una umri wa miaka 500, na mimi sitaumaliza hapa. Nataka tu kusema kwamba nimewaona Walutheri kwenye Misa ya arobaini ya shemeji yao wakikaa kimya kwa heshima mpaka mwisho, na hilo nalo si dogo.

MAMA ALIYEFIA UGENINI

Sasa nije kwenye kisa ambacho Padre alimsimulia Mangi siku ile ile, baada ya Misa, tukiwa tunakunywa chai kwenye ukumbi wa parokia. Padre wetu ni Mwingereza mzee, maneno yake machache. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anamjua Mtakatifu Monika. Mangi akasema anamjua: kina mama wa kigango chao walikuwa wakimwomba kwa ajili ya waume walevi. Padre akacheka, akasema hiyo ni nusu ya habari.

Monika alikuwa mwanamke wa Afrika, wa mji wa Thagaste, ambao leo uko nchini Algeria. Mume wake Patrisio alifariki mapema akamwacha na watoto, mmoja wao Augustino, yule ambaye baadaye alikuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa. Augustino alikwenda ughaibuni kutafuta maisha, Roma halafu Milano, na mama akamfuata huko huko. Mwaka 387, Augustino akiwa ameshabatizwa, waliamua kurudi nyumbani. Wakafika Ostia, bandari ya Roma, wakisubiri meli ya kuvuka kwenda Afrika.

Hapo Monika akashikwa na homa. Alikuwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Huyu mama kwa miaka mingi alikuwa ametayarisha mahali pa kuzikwa, kando ya mume wake, na alilijali sana jambo hilo. Kama mama wa Rombo na kihamba chake. Augustino anaeleza katika kitabu chake cha Maungamo kwamba ndugu yake alitamka mbele ya mgonjwa kuwa ingekuwa heri mama afie nyumbani, si ugenini. Monika akamtazama kwa kumkemea. Akawaambia wanawe kwamba mwili wake wauzike popote, wasihangaike nao. Aliwaomba jambo moja tu: popote watakapokuwa, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Na marafiki walipomuuliza kama haogopi kuuacha mwili mbali hivyo na mji wake, aliwajibu kwa maana kwamba kwa Mungu hakuna mahali palipo mbali.

Siku ya tisa ya ugonjwa akafariki. Wakamzika Ostia, na Misa ilitolewa kabla mwili haujashushwa kaburini. Augustino hakulia mazishini, alijikaza kiume, kisha baadaye alipokuwa peke yake akalia. Miaka kumi na zaidi ilipopita, alipoandika kitabu, aliwaomba wasomaji wake wamkumbuke Monika pamoja na Patrisio altareni. Yaani mtoto aliyemzika mama ugenini alitafuta waombeaji kwa kalamu, watu ambao hata hakuwajua.

Padre hakuongeza mengi. Alisema tu: "Yeye alikufa mbali na nyumbani, wewe uko mbali na nyumbani. Ni safari ile ile, mmebadilishana pande tu."

Nilipofika nyumbani nikaendelea kutafuta. Kumbe Augustino huyo huyo, mnamo mwaka 421, aliulizwa swali na Askofu Paulino wa Nola. Mama mmoja aitwaye Flora alikuwa ameomba mwanawe azikwe ndani ya kanisa la Mtakatifu Feliksi, na Paulino alitaka kujua kama kuzikwa karibu na mtakatifu kunamsaidia marehemu. Augustino aliandika kitabu kidogo kujibu. Kwa kifupi: taratibu za mazishi ni faraja kwa walio hai zaidi kuliko msaada kwa aliyekufa. Kinachomsaidia aliyekufa ni sadaka ya altare, sala na matendo ya huruma. Mwili unastahili heshima, lakini kaburi lenyewe halimwokoi mtu.

MICHANGO NA MISA

Hapa nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji.

Sisi Wabongo wa huku kwenye msiba tunajitahidi sana. Mtu akifariki, kamati inaundwa usiku ule ule, mweka hazina anapatikana, na maelfu ya pauni hupatikana ndani ya wiki mbili ili mwili urudi nyumbani. Ni jambo la heshima na mimi mwenyewe nimechanga mara nyingi. Lakini mwili ukishapanda ndege, kundi la simu linafungwa, na habari ya marehemu imekwisha. Mwaka ukitimia, mjane anasimama kanisani peke yake na watoto. Nimewahi kukaa kwenye kamati iliyobishana siku tatu kuhusu aina ya jeneza. Katika siku hizo tatu hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo, ni nani atakayemwombea marehemu Misa.

Na kuomba Misa ni jambo rahisi. Unakwenda ofisi ya parokia, unataja jina la marehemu, unapangiwa tarehe. Unatoa sadaka ambayo kiwango chake hupangwa na maaskofu wa eneo. Hiyo si bei ya Misa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakataza hata kivuli cha biashara, na inawahimiza mapadre watoe Misa kwa nia za waamini hata kama hawana kitu, hasa maskini. Padre anayetoa Misa zaidi ya moja kwa siku anaruhusiwa kubaki na sadaka ya Misa moja tu, isipokuwa sikukuu ya Noeli. Parokia zenye nia nyingi kuliko siku za kuzitimiza hupeleka nia hizo pamoja na sadaka zake kwa mapadre wa kwingine, mara nyingi wa nchi maskini. Kwa hiyo usishangae, Misa uliyoiomba huku inaweza kutolewa na padre fulani wa kijijini Afrika.

Mwaka 2025 Vatikano ilitoa agizo jipya juu ya jambo hili, likaanza kutumika Pasaka ya mwaka huo. Nia za watu kadhaa zaweza kuunganishwa katika Misa moja pale tu maaskofu wa eneo waliporuhusu, na waliotoa sadaka wakiwa wameelezwa na kukubali kwa hiari. Na kama umeahidiwa Misa, kulitaja tu jina la marehemu wako ndani ya Misa nyingine hakutoshi. Aliyezoea kusikia majina 40 yakisomwa mfululizo kama orodha ya mahudhurio ataelewa kwa nini walilazimika kuliandika.

Zipo pia Misa za Mtakatifu Gregori, 30 mfululizo kwa marehemu mmoja. Zinatokana na habari aliyoisimulia Papa Gregori Mkuu kuhusu mmonaki mmoja, Yusto, aliyekutwa ameficha sarafu tatu za dhahabu kinyume na kanuni ya monasteri. Alipokufa, Gregori aliagiza atolewe Misa siku 30.

MAJIVU, NA WALE TUNAOONA AIBU KUWATAJA

Wapo wanaofariki huku na fedha za kuwasafirisha zikakosekana. Familia nyingine hulazimika kuchoma mwili. Je, Mkatoliki anaruhusiwa? Ndiyo, tangu mwaka 1963, mradi haifanywi kwa kukana ufufuko. Kanisa linapendelea mazishi ya mwili, na waraka wa mwaka 2016 ulikataza majivu kumwagwa baharini, kugawanywa nyumba kwa nyumba au kuvaliwa kama pambo. Yahifadhiwe mahali patakatifu. Desemba 2023 ikaongezwa nafasi ndogo: wenye mamlaka katika Kanisa wanaweza kuruhusu familia ibaki na sehemu ndogo sana ya majivu mahali palipokuwa na maana katika maisha ya marehemu.

Halafu wapo vijana wetu waliojiua. Tunaowajua tunawajua, na msiba wao huwa wa kunong'onezana. Wazee wengi bado wanaamini kwamba aliyejiua haombewi wala haingizwi kanisani. Kweli sheria ya mwaka 1917 ilikuwa kali. Lakini sheria ya mwaka 1983 haimtaji tena miongoni mwa wanaonyimwa maziko ya Kanisa, na Katekisimu inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wao, kwa kuwa Mungu ana njia anazozijua yeye, na kwamba Kanisa linawaombea. Mzazi anayesoma haya akiwa na jina ambalo hajawahi kuthubutu kulipeleka ofisi ya parokia, alipeleke.

NIMWOMBEE, AU NIMWOMBE ANIOMBEE?

Swali hili aliliuliza mke wa Mangi. Jibu ni kwamba yote mawili yanawezekana. Katekisimu inafundisha kuwa sala zetu zinawasaidia marehemu, na tena zinawawezesha wao kutuombea sisi. Mfano tunao: Mwalimu Nyerere alifariki hapa London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wake na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Wapo wanaomwombea Mwalimu, na wapo wanaomwomba Mwalimu awaombee, na padre hatamgombeza yeyote kati yao, ingawa ibada ya hadhara haijaruhusiwa.

Kisichoruhusiwa kabisa ni kumwita marehemu: kwenda kwa mganga asemeshwe, kuuliza kwa nini amekasirika, kutaka atoe siri ya mali. Kanisa linakataza, na mpaka huo tuujue, kwa sababu kwetu misiba na waganga hukaa jirani.

Kwa anayetaka kufanya jambo mwezi huu: tarehe 2 Novemba ni kumbukumbu ya Marehemu Wote, siku iliyoenea kutokana na Abate Odilo wa Cluny kule Ufaransa karne ya 11. Siku hiyo kila padre anaruhusiwa Misa tatu, ruhusa iliyotolewa na Papa Benedikto wa 15 mwaka 1915, vita ya kwanza ya dunia ikiendelea kuua. Na kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia rehema kamili, kwa masharti ya kawaida: kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu na kuachana na dhambi. Si lazima liwe kaburi la ndugu yako. Makaburi yoyote yanafaa, hata haya ya Waingereza yaliyoota majani, ambayo hakuna anayekuja kuyatazama.

Mangi alirudi kwenye ile meza kabla hatujaondoka. Aliandika jina la ubatizo la mama yake, halafu la ukoo, halafu la baba, halafu la bibi. Mtoto wake akauliza bibi wa baba aliitwaje, akatajiwa, naye akaandikwa. Nafasi ikajaa. Akaigeuza karatasi akaendelea upande wa pili, na mimi nikaenda kuwasha gari, kwa sababu niliona kazi hiyo ingechukua muda.